Udongo wa Kichuguu

Nilianza kusikia usiku, mwezi wa kumi na moja,
umeme umekatika Ipuli nzima:
kitu ukutani kinatafuna
kama mtu anayekula karanga kwa siri
asije akaombwa.

Asubuhi nikagonga fremu ya mlango kwa kifundo cha kidole.
Ikaitika kama debe.
Rangi ya bluu aliyoipaka Kapaya ilikuwa bado inang'aa,
ila nyuma yake hapakuwa na mti.
Miezi mingapi nimekuwa nikifunga rangi kwa kufuli?

Nikavuta sanduku la uvunguni.
Cheti cha darasa la saba,
risiti za chama cha tumbaku,
barua za Kapaya za wakati yuko Mpanda,
zote vumbi na nyuzi.
Hati ya kiwanja wameniachia kona,
kona yenye muhuri.

Sikulia. Nilitafuta njia yao.
Mchwa hapiti juani, ngozi yake ni laini mno.
Hujenga kwanza, ndipo apite:
kijia cha tope, chembamba kama mshipa wa mkono,
kimepanda kutoka msingini, nyuma ya mtungi,
mpaka kwenye kenchi.
Nikakikwangua kwa kisu.
Wenye vichwa vikubwa wakajipanga ufani, taya wazi;
wadogo, weupe kama punje za mchele,
wakarudi ndani kufuata tope.
Kesho yake pamezibwa. Pamelainishwa, hata.

Fundi Lugendo alikuja na baiskeli,
msumeno, na kidumu cha oili chafu kutoka gereji ya Cheyo.
Nikamwambia, nipe dawa.
Akasema, dawa baadaye,
kwanza nionyeshe maji yako yanakomwagika.

Akazunguka nyumba kama mkaguzi.
Bafu la nje, maji yanatuama ukutani.
Kuni zimeegemea dirisha la jikoni.
Kisiki cha mkaratusi, hatua tatu kutoka mlangoni,
sisi tulikifanya kiti.
"Mama Nyanzala, umewatandikia mkeka,
sasa unauliza kwa nini wageni wamelala."

Tuling'oa kisiki siku mbili.
Mfereji ukachimbwa, kuni zikapandishwa juu ya mawe.
Oili tukaipaka mbao kwa brashi,
si kumwaga chini, maana kisima kipo pale.
Fremu mpya ya mninga akaisimamisha juu ya zege,
chini yake kipande cha bati, kingo zimekunjwa nje,
ili wakitaka kupanda wapande hadharani, niwaone.

Jirani alisema tumchimbe malkia, yaishe.
Lugendo hakujibu.
Alikuwa ameokota tofali lililovunjika, analinusa.
"Haya mlifyatulia wapi?"

Ndevelwa, nikasema, na mdomo ukanikauka.
Mwaka wa ndoa yetu.
Kichuguu kilimpita Kapaya kwa kimo,
udongo wake unashikana kama ugali wa muhogo.
Tulikivunja kwa sururu wiki nzima.
Pembeni nilichuma uyoga, mkubwa kama ungo,
na mvua ya kwanza tukakaanga kumbikumbi wao
tukawalisha mashemeji.
Watoto wao, chakula chao, kuta zao.
Na mimi nimekaa nahesabu cheti kimoja.

Siku hizi kila Jumamosi nazunguka na tochi,
nagusa msingi kwa vidole, polepole,
kama anayemkagua mtoto kichwa.
Kumbikumbi wakija nazima taa za ndani,
naweka beseni la maji chini ya ile ya uani.
Wa beseni nawakaanga. Wa ukutani nawakwangua.
Sijui tunadaiana kiasi gani.

Juzi nilikwenda ofisi ya ardhi kuomba hati mpya.
Kwenye fomu, *sababu ya upotevu*, niliandika: mchwa.
Kijana akanirudishia karatasi.
"Mama, andika sababu inayoeleweka."
Sikubishana naye.
Niligonga meza yake kwa kifundo cha kidole,
mara moja tu,
ikaitika kama debe.