Kifungo cha Sita

Nsimire alikuja saa mbili, koti mkononi,
koti la kijivu la marehemu mama yake:
vifungo vitano vya kijani
na uzi uliobaki ukining'inia mahali pa cha sita.
"Twende mjini," akasema. "Hatununui kitu.
Kifungo tu."

Tukashuka Kadutu kwa miguu,
matope ya mvua ya usiku yakitushika visigino
kama mtoto asiyetaka mama aende kazini.
Mfukoni mwangu faranga elfu nne.
Mwake dola moja, imechanika pembeni
kiasi cha ukucha.

Nyawera, duka la kwanza.
Papa Muhindo kaketi nyuma ya misumari na kufuli,
miwani kwenye paji la uso, redio chini ya kiti.
"Kifungo? Nendeni gereza kuu, binti zangu,
kule wanagawa bure, hata cha miaka kumi."
Akacheka hadi akakohoa.
Tukacheka naye, siku ilikuwa bado changa.
Hakuwa nacho.

Duka la pili, sufuria tupu hadi darini.
Nsimire akatoa ulimi,
sufuria arobaini zikatoa ulimi.

La tatu, vitenge, na hapo tulipotea.
Mama Kavugho akatukunjulia kimoja, na kingine, na kingine,
samaki wa manjano, feni za bluu, macho yasiyopepesa,
nasi tukagusa, tukapima begani, tukaulizana
kwa sura nzito za wenye pesa:
"Hiki hakitachuja?"
"Kile si kitafaa kwa harusi ya Ntakwinja?"
(Ntakwinja hana hata mchumba.)
Alijua. Wauzaji hujua.
Ila alivikunja vitambaa vyake taratibu,
kama mtu anayelaza watoto, akasema,
"Rudini siku macho yatakapopata mikono."

Saa saba umeme ukakatika,
jenereta zikaanza kubishana barabara nzima.
Tukala sambaza za elfu moja
kwenye karatasi ya daftari la hesabu.
Chini ya mafuta tukasoma alama: nne kwa kumi.
"Pole, mwanangu," Nsimire akaiambia karatasi,
akalamba chumvi.

Kisha mvua. Tukajibanza barazani pa mpiga picha,
migongo kwa barabara, nyuso kwenye kioo:
maharusi waliofifia, mtoto wa komunyo, askari na baiskeli.
"Mama alipigwa picha hapa," akasema, "na hili koti."
Sikuwa nalijua hilo.
Tukatafuta mstari kwa mstari, pumzi zetu zikifunga kioo,
tukifuta kwa viwiko.
Hakuwepo.
Ila kwenye ukingo wa harusi ya watu wengine
kulikuwa na bega, la kijivu,
mwenye bega kakatwa na fremu.
Linaweza kuwa la yeyote.
Tulikaa pale hata mvua ilipokwisha.

Feu Rouge, jioni, kijana Cishugi na chupa zake za vifungo.
Akamwaga kijani chote juu ya meza:
kijani cha mchicha, cha sabuni, cha chupa ya bia.
Cha mama kilikuwa cha jani la maharage
linapoanza kukauka. Hakikuwemo.
Nsimire akanyamaza, akasogeza vidole kwenye chupa nyingine.
"Nipe vyekundu. Sita."

Dola ikakataliwa, kwa ule ukucha.
Nikalipa mimi, elfu tatu, na nauli ikaisha hapo hapo.
Akaomba mkasi, akakata vile vitano, tak, tak,
akanimwagia kiganjani.
"Sasa ni zamu yako kutafuta."

Tukapanda mlima kwa miguu, viatu mkononi,
yeye mbele, koti limefungwa hadi shingoni,
jekundu kama jogoo.
Vifungo nimeviweka kwenye kopo la maziwa.
Kila nikiingia duka jipya, hata la saruji, nauliza.
Na dola ile anayo bado. Anasema
ni ya siku tutakayokwenda kununua kitu.