Vifa Sita

Verlon wa duka la kando ya Mto Gasconade
aliuliza, vya shaba ngumu au vya chuma cha pua?
Nikasema sijui. Nimekuja na bastola
ndani ya taulo, kama mtu aliyempeleka paka kwa daktari.

Kifa: kitu kidogo kuliko jino la maziwa,
kimesimama nyuma ya kila chumba cha silinda,
kichwani kimevaa fataki.
Nyundo ikishuka, cheche hupenya tunduni
ikaiamshe baruti.
Geuza herufi moja tu, upate lile neno
ambalo mchungaji alilizungukazunguka
siku tuliyokuzika, Februari, udongo umeganda.

Verlon alivaa miwani juu ya miwani.
"Hivi vimechoka. Tazama midomo,
imefumuka kama uyoga.
Tundu nalo limepanuka: moto unarudi nyuma,
unainua nyundo, unapasua fataki,
vipande vinadondokea mitamboni.
Thurlow alikuwa akipiga na hii?"

Alikuwa. Kila Jumamosi, kwenye machimbo ya chokaa,
ukizibana fataki kwa gumba na kidole cha shahada
ili zishike, maana za namba kumi na moja zilipwaya,
na za namba kumi hukutaka kununua,
mkebe ulikuwa haujaisha.
Umeuacha nusu, Thurlow.

Basi nikachagua mimi.
Kwanza hesi. Bastola ni ya Kiitaliano, hesi zake za milimita;
kifa cha kwetu kitaingia mizunguko miwili, kigome,
na ukikilazimisha kitaitafuna silinda.
"Kinachofaa," alisema Verlon, "huingia kwa vidole."
Halafu urefu: kikizidi, nyundo itakiponda,
kikipungua, nyundo itapiga hewa.
Kati yao ipite karatasi moja, si mbili.
Halafu tundu, jembamba chini,
la kupitisha unywele wa farasi, usipite wa pili.
Nilivigeuza kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha
kama ninavyokagua mayai.
Nikachukua vya chuma cha pua. Dola thelathini na nane.
Najua ambavyo ungesema.

Vile vya zamani vililala kwenye mafuta usiku kucha.
Asubuhi vitano vikafunguka.
Cha sita kikagoma
kama ulivyogoma wewe kwenda hospitali.
Nilikibembeleza, nikakitukana kwa Kijerumani cha bibi yangu,
mwisho nikakimwagia maji ya birika, yanachemka,
ndipo spana ikasikia.
Vipya nilivipaka grisi kwenye hesi
ili atakayevifungua baada yangu
asinitaje vibaya.

Sasa nikwambie ya Jumamosi.
Unakumbuka ilivyokuwa fataki ikilia, tak,
na baruti ikanyamaza? Ulisema:
"Usisogee. Hesabu."
Nami, mwandika alama, nilihesabu nawe hadi thelathini,
mtutu ukielekea shabaha,
maana baruti nyingine hukawia, ikajibu baadaye.
Humo ndimo tulimozungumza, kusema kweli,
si mezani, si kitandani.
Humo uliniambia umeuza trekta.
Humo uliniambia habari ya kivimbe,
kwenye namba kumi na saba,
bila kugeuza shingo.

Jumamosi nilisimama mahali pako.
Fataki namba kumi, zimekaa kila moja kwenye kifa chake
bila kubanwa.
Zikalia zote. Sita, mfululizo,
hakuna hata moja iliyosita.
Moshi mweupe, ile harufu ya yai viza,
Verlon akavua kofia, mtu akapiga makofi.

Mimi nikabaki nimenyoosha mkono,
mtutu ukielekea shabaha, silinda tupu,
nahesabu.
Nilifika kumi na saba.
Nikashusha.