Kunyoosha Ringi

Barua ilifika Muheza tarehe tatu Februari.
Chuo kilikuwa kimefunguliwa Januari.
Karani wa posta aliitia sanduku la watu wengine,
mia na sita badala ya mia na tisa,
ikakaa humo wiki tatu na bili za maji za kiwanda cha mbao.
Ndugu Ansila Semkiwa, umechaguliwa kusomea uuguzi.
Nimechaguliwa, na nafasi imeshakwenda.
Mama akaikunja, akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo
kama mtu ahifadhiye ua la kaburini.

Padri akasema: Mungu hakosei anwani.
Nikamjibu kimoyomoyo: na karani je?

Miaka kumi na tisa.
Sasa niko Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
kibandani kwa marehemu Hiza, mume wangu,
aliyenifundisha kuziba pancha wiki ya fungate
kwa kuwa hakuwa na kingine cha kunionyesha.
Ameniachia pampu, beseni, kopo la gololi
na jina nililopewa na wateja bila kuulizwa:
Mama Spana.

Mji huu unakwenda kwa baiskeli.
Mwalimu, muuza machungwa, shemasi, mwizi,
wote hufika hapa wakisukuma.
Hakuna afikaye kwa fundi akiwa amepanda.

Nami nilifika hivyo kwa Mungu.
Niliuzamisha moyo kanisani kama tyubu beseni,
nikaukamua taratibu, nikatazama povu linatokea wapi.
Palepale. Januari ile.
Nimebandika kiraka mara ngapi, sijui.

Jumatano huja nesi Gaudensia wa Bombo.
Leo ringi yake imepiga nane kwenye shimo la Chuda.
Anakaa juu ya debe, anamenya chungwa, anapiga soga:
"Mimi hata sikuchaguliwa, Mama Spana.
Nilikuwa orodha ya akiba.
Kuna msichana wa Muheza hakutokea,
ndipo nikaitwa."

Spana ikasimama.

Huyu ndiye aliyempokea Elishama wangu
usiku umeme ulipokatika, tochi ameiuma kwa meno.
Miaka kumi na tisa nimekikasirikia kiti kitupu,
kumbe kilikuwa na mtu.

Lakini usiniambie, Padri, kwamba ndiyo sababu.
Nimechoka na sababu.
Aliyeumba bahari hakushindwa kuongeza kiti kimoja;
angeweza kutufundisha wote wawili.
Hilo nitamuuliza uso kwa uso, na sitanong'ona.

Nikaipindua baiskeli, nikashika chaki kando ya uma,
nikazungusha.
Chaki inapogusa, ndipo palipopinda.
Unalegeza spoku hii, unakaza ya upande wa pili,
robo mzunguko, si zaidi.
Spoku haijui duara.
Inajua kuvutwa tu.
Ingekuwa na mdomo ingelia: mbona mimi,
mbona jirani yangu amelegezwa?
Na fundi asingeijibu,
si kwa kiburi,
jicho lake liko kwenye gurudumu zima.

Basi, Bwana, sikuombi ramani.
Ramani ningeibishia, unanijua.
Nipe spana ya leo
na mwanga mpaka saa kumi na mbili.
Nakuamini kama ninavyopanda baiskeli isiyo na breki:
macho wazi, miguu tayari,
na bado nimepanda.

"Imenyooka?" akauliza Gaudensia.
Hiza alizoea kusema hakuna ringi inayonyooka kabisa,
kuna inayomfikisha mtu.
"Itakufikisha," nikasema.

Akalipa, akajifuta maji ya chungwa kwenye kanga,
akaenda zamu ya usiku.
Kengele yake ikalia mara mbili penye kona ya kumi na nne.
Sikumwambia.
Nikaokota maganda yake, nikafuta chaki kwenye kidole,
na kijana mmoja alikuwa amesimama mlangoni,
mnyororo mkononi, hajui aanzie wapi.

"Leta," nikamwambia. "Leta tuone."