Kipande Ndani ya Nta

Sindano iliingia mfupani, ikatoka kavu.
Daktari Rweyongeza akavuta, akavuta tena,
kama mtu anayepiga pampu ya kisima mwezi wa Septemba.
Tukabaki na kipande cha uboho,
urefu wake punje ya mchele.

Jina kwenye fomu: Mihambo Lugembe, miaka hamsini na minane,
mrina asali, Ipole.
Bandama limevuka kitovu.
Mara tatu ametibiwa malaria,
mara moja jirani alimchanja ubavuni kwa wembe.

Watu wa huku hawashangai bandama.
Mimi nilishangazwa na darubini:
seli zenye nywele, kingo zimechanika
mithili ya kitambaa kisichopigwa pindo.
Ila macho hudanganya. Macho yangu hasa, saa kumi alasiri,
Tabora nzima haina umeme tangu adhuhuri
na darubini inakula mwanga wa dirisha.

Kwa hiyo kingamwili.
Vichupa vinne, vimekuja kwa treni ndani ya kasha la barafu.
Kimoja kimebaki na matone tisa, mwisho wake Ijumaa.
Nikakata nta nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
nikaiyeyusha, nikachemsha vioo juu ya jiko la mkaa
katika sufuria ya presha
(ile ile, Kasanda, uliyoapa haitapikiwa maharage),
nikadondosha.

Halafu unasubiri.
Kingamwili haipigi hodi kila mlango.
Inapapasa ukuta wa seli, inatafuta kitasa kimoja;
kisipokuwepo inaoshwa, inakwenda zake na maji.
Pembeni nimeweka tonsili ya mtoto nisiyemjua,
shahidi wangu:
yeye asiposhika rangi, sote tumeongopa.

Dakika ya saba, kahawia.
Hapa. Pale. Kisha kundi zima,
kahawia ya asali ya miyombo
iliyokaa chupani msimu mmoja.
Vioo viwili havikushika kitu,
na kutoshika kule nako nikakuandika,
maana maradhi haya hutambulika pia
kwa yale yanayoyakataa.

Nikakagua mara ya tatu. Nikatia sahihi.
Mkono ulinuka zailini hadi usiku, hata ugali ulinuka.

Daktari akamwambia: ni saratani ya damu, nadra,
mwendo wake wa polepole. Dawa ipo Mwanza,
dripu za siku saba.
"Seli zina nywele?" akauliza.
"Nyuki naye ana nywele."
Hakucheka. Sisi pia hatukujua kama tucheke.

Akasimama, kiganja ubavuni, akafika mlangoni, akageuka.
"Na ile nta yangu, mtanirudishia?"
Hapana, nikasema, inakaa kabatini miaka kumi,
ina namba yake.
Akafikiri.
"Basi mmetundika mzinga," akasema.
"Nitakuja kuukagua."