Kichwa cha Tochi

Baba alirudi saa moja asubuhi, kofia kwapani,
akaiweka tochi mezani kando ya kopo la majani,
akasema: Betri za siku hizi ni maji matupu.
Wiki hii amebadilisha mara tatu.
Dukani kwa Kerubo wameshaanza kumwandika daftarini.

Alipolala, viatu vikiwa bado miguuni,
nikatandaza gazeti la juzi sakafuni
nikaanza.

Kichwa cha tochi hakitaki nguvu.
Nilikizungusha kushoto, kikasaga kama jino lenye mchanga.
Nikakizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakamata tena,
nikangoja, nikazungusha,
kikaachia.

Kwanza pete ya bati.
Halafu mpira mweusi, mwembamba kama bangili ya kitoto kichanga.
Halafu kioo.
Halafu kile kikombe cha fedha, na glopu katikati yake.
Nikavipanga kwa mstari, jinsi vilivyotoka,
visije vikasahau njia ya kurudi.

Na unga!
Miaka kumi na mmoja analinda kinu barabara ya Lunga Lunga,
anamulika magunia usiku kucha,
na magunia yanamlipa kwa vumbi.
Lilikuwa limeganda kwenye kioo, upande wa ndani,
rangi ya uji uliolala.
Nondo mmoja mdogo alikuwa amekaukia humo,
mabawa yamekunjwa vizuri kama barua.
Sijui alipitia wapi.

Kitambaa: kola ya sare yake ya zamani.
Maji vuguvugu, sabuni tone moja.
Nikasugua kwa mviringo, kutoka kitovuni kwenda ukingoni,
nikakiinua kioo dirishani:
nguo za jirani kwenye kamba, dohani la kiwanda,
paka wa Kerubo juu ya mabati,
kila kitu na kingo zake.

Kikombe cha fedha sikukigusa.
Hilo alinifunza mwenyewe, nikiwa darasa la nne:
Hapo usitie kidole, Nasambu. Fedha hiyo ni pumzi tu.
Nikapuliza.

Kikombe, kioo, mpira, pete.
Nikafunga pazia, nikabonyeza.
Mwanga ukaingia ukutani kama mtu mwenye hati ya nyumba.
Niliona msumari wa kalenda na kutu yake,
ufa ambao mwenye ploti anakana kuwa upo,
mende aliyesimama kufikiri.

Saa kumi na moja jioni akaamka.
Baba, tazama.
Akatazama ukuta muda mrefu,
kichwa kimeinama kidogo upande mmoja.
Afadhali, akasema. Lakini ukungu bado upo.

Ukungu gani?

Huo. Kama uji.

Akanyoosha mkono kuchukua chai.
Mkono ukafika kando ya kikombe,
ukapapasa, ukakipata.
Wala hakuona kwamba nimeona.

Nikaishusha tochi, kisha nikaipandisha polepole hadi usoni pake,
kwa utani, kama nilivyozoea kumfanyia zamani.
Jicho la kushoto, ndani ya mboni,
palikuwa na weupe.
Mtoto wa jicho, ndivyo wanavyouita.
Nami, mtoto wake, mwaka mzima
nimekuwa nikimsaidia kulaumu betri.

Kesho ukitoka zamu usivue viatu, nikamwambia.
Tunaenda Kikuyu, kwa madaktari wa macho.
Akacheka: Ni lini nimewahi kuvivua?
Hakusema ndiyo. Akatafuta kofia,
nami nikamwacha aitafute, ilikuwa palepale mezani,
nikahesabu moyoni, nikafika kumi na tisa.

Mlangoni akaijaribu tochi mara mbili.
Giza lilikuwa limeshaingia uchochoroni.
Nikauona mwanga ukimtangulia hadi kwenye lami,
mkali, safi, hauna hata chembe,
ukiwaonyesha wengine mashimo.