Sentimita

Mimi ni fundi cherehani wa Oli, hapa Arua,
utepe haubanduki shingoni mwangu.
Nimepima viuno vya maharusi, mabega ya askari,
vifua vya wanakwaya. Sikuwaza
kwamba siku moja nami nitapimwa, kwa vidole viwili.

Sista Driwaru alituonya mapema, kliniki ya Alhamisi:
"Mlango wa uzazi hufunguka polepole,
si dirisha la kupigwa teke.
Mwanzoni uchungu huja ukaondoka,
kama mgeni aliyesahau alichofuata.
Tembea. Kula. Lala ukiweza.
Ukikujia kila dakika tano, njoo."

Basi mimba ilipotimiza miezi saba nikafunga mkoba:
karatasi la plastiki, glavu, wembe mpya ndani ya ganda lake,
pamba, uzi wa kitovu, sabuni, kanga mbili kuukuu,
na elfu ishirini ya mafuta ya pikipiki ndani ya kopo la vifungo,
ambayo Ezati aliikopa mara mbili
na mara mbili nikamdai kwa jina la baba yake.

Usiku wenyewe nilikuwa napinda sketi za shule.
Mgongo ukakaza. Ukaachia.
Kutoka kaza hadi kaza, upindo wa sketi nzima,
kisha nusu upindo,
kisha sindano haikufika hata kwenye mshono wa ubavu.
Ezati, washa pikipiki.

"Nne," alisema Sista, akivua glavu.
Nne! Mimi nilidhani nimefika.
Nne ni upana wa mkanda wa suruali.
Nikazunguka ua mpaka jogoo wa kwanza, mikono ukutani,
navuta hewa kwa pua, naitoa kama anayepoza uji.
Saba, chupa ikapasuka juu ya ndala zangu.
Nane, nikamtukana Ezati, na mama yake,
na yeyote aliyebuni ndoa.
Sista akacheka: "Wakianza matusi, najua tumekaribia."

Kumi.
Kwenye utepe ni upana wa kiganja tu.
"Usisukume kwa koo, Candiru. Chini. Chini huko."
Nikasukuma. Nikapumzika. Nikasukuma.
Nikachanika kidogo;
naujua mlio wa kitambaa.

Kisha kitu cha moto, kinateleza, kinalia,
kikalazwa kifuani pangu kabla hakijafutwa vizuri.

Nikataka kulala. "Bado," akasema, "kondo halijatoka."
Sindano pajani. Tumbo likakaza kwa uvivu,
likatoka. Akaligeuza huku na huku chini ya taa
kama ninavyokagua gauni la mteja mkorofi,
akasema: "Zima. Hakuna kilichobaki ndani."
Hapo ndipo nililia.

Asubuhi Ezati alileta uji, na utepe wangu.
Nani alimwambia?
Nikaunyoosha, kisigino hadi utosi: arobaini na tisa,
naye akakunja miguu, akaharibu kipimo.

Sketi za shule ziko pale pale, chini ya sindano.