Kiwiko

Siku ya kwanza, Ptuj, theluji hadi dirishani.
Mkufunzi Zdenka hakutugawia kitabu, alitugawia penseli:
"Andikeni majina yenu. Kwa mkono wa kushoto."

Blaž, mwalimu wa hesabu miaka ishirini,
alikunja uso, akauma ulimi,
herufi zake zikapepesuka kama walevi.
Akaifunika karatasi kwa kiwiko.
Nami nikaifunika yangu.

"Hapo," Zdenka akasema, "hapo nyuma ya kiwiko
ndipo atakapoketi mwanafunzi wako,
mwenye miaka hamsini, katoka zamu ya usiku,
anayesema miwani kaisahau nyumbani."

Hakuna aliyecheka.
Nilimkumbuka mama, dukani,
akiniomba nimsomee bei:
miwani, miwani, kila Jumamosi,
na miwani hakuwahi kuwa nayo.